Veranda, jumba la maduka au kibanda cha eksibishoni: kuchagua chumba Kisumu kwa macho ya Victor Gruen

Mwezi wa Januari mteja wa Kisumu alinipigia simu. "Fundi, nimeonyeshwa vyumba vitatu na nina pesa ya kimoja. Njoo unichagulie." Anauza mikoba ya wanawake, pochi, mishipi na viatu vya ngozi. Kwa miaka sita amekuwa akiuza kwa simu, na kila mwisho wa mwezi anabeba mzigo kwenye tuktuk kuzungukia maofisi. Mimi kazi yangu ni kuvalisha maduka: kaunta, rafu, vioo, taa, bango la juu ya mlango. Karakana iko Nakuru, lakini kazi nyingi hunipitisha Mau Summit na Kericho nikaishia Kisumu, Kakamega au Bungoma.

Vyumba vyenyewe vilikuwa hivi. Cha kwanza kiko mtaa wa Oginga Odinga, chini ya veranda ya jengo la zamani, upana wake mita tatu na nusu, na anayetoka anadai gudwili kabla hajaachia ufunguo. Cha pili kiko ndani ya jumba la maduka, ghorofa ya kwanza. Vigae vimeshalazwa, dari ya jipsam imeshapigwa rangi, choo kinang'aa. Cha tatu ni kibanda cha eksibishoni karibu na steji, hatua mbili kwa tatu, ukuta ni mbao nyembamba na jirani akipiga chafya wewe ndiye unayejifuta.

Nilimwambia yuko mzee mmoja, msanifu wa majengo, aliyejenga vya namna ya cha kwanza na cha pili kabla yetu sote, na duka lake la kwanza Marekani lilikuwa la mikoba.

"Yuko wapi, tumpigie?"

"Alikufa mwaka 1980."

"Basi niambie wewe, na uniambie kabla ya Ijumaa."

Nimeandika hapa yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyafikiria kwenye basi nikirudi, kwa sababu karibu kila mtu anayenipigia simu ana swali hilohilo kwa sura nyingine.

Mzee mwenyewe

Aliitwa Victor Gruen. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1903, kwa jina la Viktor Grünbaum, akasomea usanifu wa majengo hukohuko. Mchana alichora maduka, usiku aliigiza vichekesho vya kisiasa jukwaani. Nadhani jukwaa lilimfunza zaidi kuliko darasa, kwa maana maisha yake yote alishughulika na swali la mwigizaji: mtu anayepita atasimamaje? Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, yeye akiwa Myahudi na tena mtu wa kuwacheka wakubwa, alikimbilia New York. Inasimuliwa kwamba alifika na dola 8 mfukoni na hajui Kiingereza.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa amemaliza duka kwenye barabara ya Fifth Avenue, akishirikiana na msanifu Morris Ketchum. Duka liliitwa Lederer de Paris na lilikuwa la bidhaa za ngozi. Ni duka dogo, na ndilo ninalolipenda kuliko majumba yake yote.

Wakati ule duka la kawaida lilikuwa na kioo kilichonyooka sambamba na njia ya miguu, na mlango pembeni. Unapita, unatupa jicho, unaendelea na safari zako. Gruen na Ketchum waliusukuma mlango ndani. Mbele yake wakaacha nafasi kama kibaraza, na kwenye kibaraza wakaweka visanduku vya kioo vyenye mikoba michache na taa. Mpita njia akivutiwa na mkoba mmoja, anapiga hatua mbili kuusogelea. Tayari ametoka njiani ingawa hajaingia dukani. Yuko katikati, hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Anasogea kisanduku cha pili, cha tatu, na hapo mlango uko mita moja tu mbele ya pua yake.

Mtu yeyote aliyewahi kuuza nguo anaujua woga wa mlangoni. Mteja anaogopa kuingia kwa sababu akiingia ataandamwa: karibu sista, ingia tu, kuangalia ni bure, size yako iko. Akitoka mikono mitupu atasindikizwa na macho. Kibaraza cha Gruen kinampa mahali pa kuamua bila aibu.

Kutoka hapo mzee hakushikika. Pamoja na Elsie Krummeck, mbunifu aliyekuwa mshirika wake kazini na baadaye mke wake (watu humsahau, na michoro mingi ilipita mikononi mwake), alijenga maduka ya nguo ya Grayson's kule pwani ya magharibi. Haya yalikuwa na sura kubwa na taa nyingi, ya kuonwa na mtu aliye ndani ya gari linalokimbia. Mwaka 1949 akamaliza duka la Milliron's mjini Los Angeles, magari yakiegeshwa juu ya paa. Mwaka 1954 ikawa Northland, nje ya Detroit. Tarehe 8 Oktoba 1956 likafunguliwa Southdale, katika mji wa Edina kando ya Minneapolis, na jumba hilo ndilo babu wa kila jumba la maduka ulilowahi kupanda ngazi zake za umeme.

Ukizitazama hatua hizo kwa mpangilio, mteja wa Gruen anabadilika. Kwenye duka la mikoba ni mtu wa miguu. Kwenye Grayson's ni mtu wa gari. Southdale ni mtu aliyekuja kwa gari kisha akageuzwa kuwa mtu wa miguu, lakini ndani, chini ya paa la mwenye jumba. Kabla hujachagua chumba, jiulize mteja wako yuko hatua ipi kati ya hizo. Sijui swali jingine linalozidi hilo, na nimewaona watu wakilipa amana ya miezi mitatu bila kuliuliza.

Chumba cha veranda

Tulienda Oginga Odinga saa saba mchana, jua la Kisumu likiwa utosini. Nilimwomba mteja wangu avuke barabara asimame ng'ambo, kisha aniambie anaona nini kwenye kioo cha chumba kile.

"Najiona mimi," akasema. "Na yule mzee wa magazeti."

Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya veranda. Nje kuna mwangaza mkali, chini ya veranda kuna giza, na kioo kinageuka kioo cha kujitazamia. Viatu vilivyopangwa kwa ustadi nyuma yake havionekani hata kidogo. Dawa yake ni mbili. Unaweka taa nyingi sehemu ya mbele kabisa ya dirisha, zikiangaza kurudi nyuma kwenye bidhaa, na unaziwasha mchana, wala si jioni peke yake. Halafu kioo chenyewe unakiinamisha kidogo, juu kitokeze mbele kuliko chini, ili kiakisi sakafu ya veranda badala ya barabara yenye jua. Bili ya umeme itapanda, nilimwambia hivyo waziwazi. Lakini taa za siku hizi hazili umeme kama zile za zamani.

Sasa uzuri wake. Gruen ilimbidi atoe sehemu ya duka, ambayo kodi yake inalipwa, ili apate kibaraza. Kisumu kibaraza kipo tayari. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na nyuma yake wakaja wenye maduka kutoka Bara Hindi. Allidina Visram, ambaye maduka yake yalifuata reli kutoka pwani hadi Uganda, alikuwa na duka Kisumu. Waliojenga maduka ya mji huu walivuta paa likafunika njia ya miguu kwa sababu ya jua na ile mvua ya alasiri inayotoka ziwani bila hodi. Mpita njia anajileta mwenyewe chini ya paa lako. Ukirudisha mlango nyuma mita moja na robo, na kuweka sanduku la kioo kila upande, una Lederer de Paris kwa bei ya fundi wa Nakuru.

Mita moja na robo si namba ya kubahatisha. Chini ya mita moja, watu wawili hawawezi kusimama mmoja akiangalia na mwingine akipita kuingia. Ukizidisha mita moja na nusu katika chumba cha mita tatu na nusu, umekula stoo. Tulichora kwa chaki sakafuni, yeye akasimama ndani ya chaki na mkoba begani kama mteja, mimi nikapita nikijifanya mteja wa pili. Tukagusana mabega. Tukaongeza sentimita kumi.

Mabaya yake nayo yapo, na hayatibiki kwa chaki. Gudwili ni pesa inayoondoka bila risiti ya maana, na mwenye nyumba akiamua kubomoa jengo hairudi. Majengo ya zamani yana nyaya za zamani, kwa hiyo ita fundi wa stima kabla ya kuita wa mbao. Usiku utahitaji shata nzuri, na mlinzi wa kuchangia na majirani. Halafu veranda ni ya umma, au angalau umma unaamini hivyo. Atakuja wa kukaanga, atakuja wa kung'arisha viatu, na askari wa kaunti watakuja kwa ajili yao wote.

Nakuru tunazo veranda za namna hii pia, Kenyatta Avenue na mitaa ya nyuma yake. Tofauti ni kwamba kwetu ni baridi na kuna vumbi, hivyo kibaraza kilichofunguka kinataka mtu wa kufuta vioo asubuhi na mchana. Kisumu adui ni jua la saa kumi. Likipiga dirisha moja kwa moja, ngozi nyekundu inakuwa ya pinki kabla ya Pasaka. Niliwahi kumwona mama wa Kakamega akiuza kwa nusu bei jozi kumi na mbili za viatu, kwa sababu katika kila jozi mguu mmoja ulikuwa umekaa ndani ya boksi na ule wa dirishani ulikuwa umechujuka rangi. Turubai la kuteremshwa alasiri linamaliza kesi hiyo.

Chumba cha ndani ya jumba

Southdale lilikuwa jibu la hali ya hewa. Minnesota ni mahali ambapo majira ya baridi yanagandisha maji ya ziwa na kiangazi chake kinachosha. Familia ya Dayton, wenye duka kubwa la Minneapolis, ilitaka siku zote za mwaka ziwe za kununua. Gruen akafunga kila kitu ndani: maduka zaidi ya 70, maduka makubwa mawili yaliyokuwa mahasimu yakiwekwa chini ya paa moja, ua wa katikati wenye miti, samaki na tundu refu la ndege, na hewa iliyosimama kwenye nyuzi 24 masika na kiangazi. Nje kulikuwa na maegesho ya magari yapatayo 5,000.

Kisumu haigandi. Upepo wa ziwani unapoza mji jioni bure. Kwa hiyo sababu iliyozaa jumba la kwanza haiko kwetu, na jumba linabaki likisimama kwa sababu nyingine: maegesho, ulinzi, choo, mahali pa watoto kucheza, na supermaketi. Kila moja ina thamani kwa mfanyabiashara fulani. Anayeuza friji na televisheni anataka gari lisogee mlangoni. Mwenye saluni anataka choo na maji yasiyokatika. Daktari wa macho anataka utulivu. Hao nawashauri waende kwenye jumba bila kusitasita, na nimewajengea.

Muuza mikoba ni habari nyingine. Mteja wake anatoka kazini kwa miguu, anapitia mjini kupanda matatu ya Kondele au Nyamasaria. Ili afike kwenye jumba lazima awe amepanga kwenda kwenye jumba. Nilikaa na mteja wangu kwenye benchi pale ghorofa ya kwanza kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, Jumatano. Watu walikuwa wengi chini, kwenye supermaketi. Wachache walipanda ngazi, na wengi wao walikwenda moja kwa moja kwenye chakula au benki. Waliopita mbele ya chumba chetu tuliwahesabu kwa vidole na hatukuhitaji vya miguuni.

Hapo ndipo penye siri ya jumba. Chumba chako hakivuti mtu. Anayevuta ni duka kubwa la chini, nawe unaokota makombo ya msafara wake. Gruen alilijua hilo ndiyo maana aliweka maduka makubwa mawili, moja kila upande, ili watu watembee kati yake na kupita mbele ya madogo. Kwetu mara nyingi ni moja tu, tena liko mlangoni, na mtu anaweza kununua unga, sukari na sabuni kisha akarudi garini bila kukanyaga vigae vya pembeni.

Na duka kubwa likiondoka? Watu wa Nakuru tuna haki ya kulizungumzia hili. Nakumatt lilipata jina lake kwa Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mji wetu, likakua likawa ndilo mhimili wa majumba ya maduka nchini. Mwanzoni mwa 2018 mahakama ililiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe. Baada yake Tuskys nalo likaporomoka. Katika jumba moja, ambalo silitaji, nilikuwa nimemaliza kuvalisha duka la nguo za watoto supermaketi ya chini ilipozima taa. Korido ikawa kama shule wakati wa likizo. Mwenye duka alivumilia miezi minne, akalipa kodi na ada ya huduma vilevile kana kwamba watu wapo, kisha akafunga. Awamu yangu ya mwisho ya malipo ilikwenda naye. Rafu zake ziko karakanani hadi leo, nimezihifadhia misumari.

Kwa hiyo ukichagua jumba, soma mkataba ukitafuta mambo matatu: supermaketi imesaini hadi mwaka gani, kodi yako inashuka au la ikiondoka, na ada ya huduma inapangwa na nani. Ukiambiwa hilo la pili halijawahi kuulizwa, wewe uliza.

Mzee mwenyewe aliishia kulikana jumba. Michoro yake ya Southdale ilikuwa na nyumba za kuishi, shule, hospitali na bustani kuzunguka maduka, mji mzima wa kutembea kwa miguu. Kilichojengwa na kuigwa ni maduka na bahari ya lami. Mwaka 1968 alirudi Vienna, na kabla hajatulia likajengwa jumba kubwa kusini mwa mji huo, Shopping City Süd, lililofunguliwa mwaka 1976, likianza kuwaumiza wenye maduka madogo wa mji aliozaliwa. Mwaka 1978, akihutubia London, alikataa kuitwa baba wa majumba hayo, akayaita wana wa haramu na kusema hatayalipia matunzo. Mwanamume kukataa mtoto si habari mpya, lakini huyu alikuwa amemjenga kwa mkono wake na kulipwa.

Simaanishi jumba ni baya. Nasema kwamba kipande cha kazi ya Gruen kinachomfaa mwenye mtaji mdogo ni kile cha mwaka 1939, wakati yeye mwenyewe alikuwa hana kitu.

Kibanda cha eksibishoni, kwa ufupi

Kinafaa kuanzia. Kodi ni ya kubebeka, wateja wanakuja wakijua wanachotaka na wakijua kitakuwa rahisi. Lakini huna mbele. Huna kioo, huna kibaraza, na jirani anauza mkoba uleule ulioletwa na gari lile lile kutoka Nairobi. Mnabaki kushindana kwa shilingi hamsini. Mteja wangu amekwisha kuwa na wateja wake wa maofisini, hana haja ya kuanzia mwanzo. Nilimwambia akitoe kwenye orodha, akakitoa, na wala hatukwenda kukiona mara ya pili.

Ndani: kaunta au rafu wazi

Chumba ni nusu ya uamuzi. Nusu nyingine ni je, mteja ashike mwenyewe au apewe?

Hapa Gruen ananyamaza na anasimama mtu mwingine, Clarence Saunders wa Memphis, Marekani. Hakuwa msanifu, alikuwa muuza vyakula. Hadi wakati wake duka la vyakula lilikuwa kama duka letu la mtaani lenye wavu: unasimama nje ya kaunta, unataja unga, mafuta, kiberiti, na karani anakuchotea. Tarehe 6 Septemba 1916 Saunders alifungua Piggly Wiggly. Mteja alipita kwenye kizuizi cha kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia moja iliyojipinda kati ya rafu zote hadi kwa mtu wa kupokea pesa. Kila kitu kilikuwa na bei yake imeandikwa. Mwaka 1917 alipewa hataza ya mpango huo, yaani haki ya serikali kwamba ni wake na asiuige mwingine. Allidina Visram alikufa mwaka huohuo wa 1916, akiwa bado mfalme wa kaunta.

Miaka michache baadaye Saunders alikuwa na maduka zaidi ya 1,000, na mwaka 1923 akayapoteza yote kwa kupigana vita ya hisa na watu wa Wall Street, kwenye soko la hisa la New York. Hakukoma. Mwaka 1937 alianzisha duka aliloliita Keedoozle, ambalo bidhaa zilikaa nyuma ya vioo, mteja anachomeka ufunguo kwenye tundu la anachotaka, na mitambo inamletea mzigo wake mahali pa kulipia. Watu walipojaa mitambo ililemewa. Mtu aliyewatoa watu nyuma ya kaunta alimaliza maisha yake akijenga kaunta ya umeme. Alikufa mwaka 1953.

Kwa mikoba, mimi niko upande wa Saunders wa 1916. Mkoba usioshikwa hauuziki. Mwanamke anataka kuufungua, anuse ngozi, ahesabu mifuko ya ndani, auvae begani ajitazame. Rafu ziwe wazi, kimo cha macho hadi kiuno, na kioo cha kujitazamia kiwe nyuma kabisa ya duka, ili anayeutaka mkoba apite mbele ya mingine kwenda kujiona. Hiyo ndiyo njia ya Saunders iliyopunguzwa ikaingia kwenye chumba cha mita sita kwenda ndani.

Pochi na mishipi, hapana. Hivyo vinaingia mkobani bila kuaga. Vikae kwenye kaunta ya kioo karibu na mlango, chini ya mikono ya mwenye duka. Naye akae hapo, asikae mwisho kabisa kama maduka mengi yalivyo, ambapo muuzaji anakutazama kutoka kwenye giza kama fisi.

Tulibishana kuhusu bei. Nilitaka kila mkoba uwe na kikaratasi.

"Nikiandika bei nitapunguza kutoka wapi?" akauliza.

"Kutoka kwenye ile uliyoandika."

"Fundi, wewe huwajui watu wa Kisumu. Ukiandika elfu mbili mia tano, anaanzia elfu moja mia tano. Usipoandika, namtazama viatu kwanza."

Sikuwa na jibu zuri. Lakini nilimkumbusha kile kibaraza. Mtu anayesimama pale hajasalimiwa na hataki kuuliza. Mkoba usio na bei anadhani ni ghali, anaondoka. Tulikubaliana bei iandikwe kwenye vitu vya kwenye visanduku vya nje tu, na ndani afanye anavyojua. Kwa kusema kweli naona hapo alinishinda, mpango wake ni bora kuliko wangu, na nimeanza kuwapa wateja wengine kama wangu.

Alichochagua

Chumba cha jumba kilikuwa na mvuto wake kwake hadi dakika ya mwisho. Alipenda ile dari. Kilichomgeuza ni hesabu ya benchi, na dada yake aliyesema, "Mimi nikitoka kazini sipiti huko." Alichukua veranda. Gudwili alibembeleza ikashuka, akalipa mbele ya wakili, na akaandikiwa.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Mlango umerudi nyuma mita moja na sentimita thelathini na tano. Visanduku viwili ni vya alumini na kioo cha milimita sita, kila kimoja kina mikoba mitatu, haizidi. Nilimsisitizia hiyo tatu hadi akanichoka, kwa kuwa kila mwenye duka akishapata kioo anataka kukijaza kama debe la omena. Taa zinawashwa saa tatu asubuhi. Turubai linateremka saa tisa na nusu.

Wiki ya pili alinipigia, sauti kali. Mvua ya alasiri imenyesha na watu wamejibanza kwenye kibaraza chake, wengine hata hawaangalii mikoba, wanaangalia simu. Nilimwambia awaache. Wiki ya nne akasema wawili kati ya waliojibanza walirudi siku kavu, mmoja akanunua viatu. Sasa mama mmoja wa mahindi ya kuchoma amegundua kwamba pale moto hauzimwi na mvua, na ameweka jiko lake karibu na kisanduku cha kushoto. Mteja wangu anataka nije niweke minyororo. Mimi nasema mahindi yanasimamisha watu kuliko taa zangu zote, ila moshi utaingia kwenye ngozi. Hatujaelewana bado, na bado ananidai rafu moja.